Moto Unaotuliza na Moto Unaounguza

Ndugu msomaji, mgongo ukikuuma baada ya kubeba mzigo, wafanya nini? Labda mtu wa nyumbani atachovya kitambaa katika maji ya moto, atakikamua, na kukuwekea mahali panapouma. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Mtu mwenye mafua hujifukiza kwa majani ya mkalitusi. Na katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Katanga inapoingia usiku, sisi sote twasogelea mbabula. Tangu zamani watu wamejua ya kwamba joto hutuliza mwili.

Siku hizi wako wengine wanaosikia habari za joto la namna nyingine. Hasa tangu mapatano ya mwaka 2008 kati ya serikali ya Kongo na makampuni ya China, Wachina wengi wamefika Katanga kwa kazi ya shaba na kobalti, na wengine wana maduka hapa Lubumbashi. Nao, kama watu wote wahamao, huja na chakula chao, lugha yao na dawa za kwao. Dawa moja ya kwao ni kuchoma majani makavu juu ya ngozi ya mgonjwa, au karibu nayo. Basi mtu akisikia habari hiyo, huuliza: Je, dawa hiyo ni ya kweli? Je, Mkristo aweza kuitumia? Je, itamponya mtoto wangu malaria?

Maswali hayo ni mazuri. Na hata mtu asiyefikiri kuitumia dawa ya Wachina, majibu yake yanamfaa, kwa maana nyumbani kwake naye autumia moto.

1. DAWA YENYEWE NI NINI?

Mmea unaochomwa ni wa jamii ya pakanga. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo, kwa kuwa katika kitabu cha Ufunuo iko nyota iitwayo Pakanga kwa ajili ya uchungu wake. Majani hukaushwa, huwekwa muda mrefu, kisha hutwangwa na kuchekechwa hata yawe laini kama pamba. Pamba hiyo huitwa moksa, kutokana na neno la Kijapani, mogusa. Nayo huwaka polepole pasipo ndimi za moto, kama ubani juu ya kaa.

Ziko njia tatu za kuitumia. Ya kwanza ni kuweka fungu dogo la moksa juu ya ngozi yenyewe na kuliwasha. Njia hii huleta lengelenge na kovu. Ya pili ni kuweka kipande cha tangawizi au kitunguu saumu juu ya ngozi kwanza, kisha moksa juu yake. Ya tatu ni kuikunja moksa ndani ya karatasi kama sigara nene, kuwasha ncha yake, na kuishika mbali kidogo na ngozi, kadiri ya sentimeta 2 au 3, hata mgonjwa asikie joto wala asiungue.

Desturi hii ni ya zamani sana. Mwaka 1973, huko Mawangdui katika nchi ya China, lilifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani yake mlikuwa na maandiko juu ya kitambaa cha hariri, na mengine yaeleza habari ya kuchoma huku. Hata leo Wachina huiweka pamoja na dawa yao ya kuchoma sindano nyembamba. Neno lao zhenjiu maana yake ni sindano na moto pamoja.

Wala wao si peke yao. Huko Oman na nchi nyingine za Ghuba, na katika makabila kadha ya wafugaji wa Afrika Mashariki, watu tangu zamani wamechoma wagonjwa kwa chuma cha moto. Kwa hiyo tusiwacheke Wachina. Tujiulize tu moto wafanya nini mwilini.

2. JOTO HUFANYA NINI?

Waalimu wa kale wa China walisema ya kwamba nguvu ya uhai hupita mwilini katika njia fulani, na moto huifungua njia iliyoziba. Waganga wa hospitali wakipasua mwili huona mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Njia hizo hawajaziona. Lakini wanajua jambo jingine lililo hakika.

Ngozi ikipata joto la kadiri, mishipa midogo ya damu hupanuka, na damu nyingi hufika pale. Nyama zilizokaza hulegea. Mishipa ya fahamu hupeleka habari ya joto, na habari ya maumivu hupungua. Ndiyo sababu kitambaa cha moto humsaidia mwenye mgongo uliokaza, na mwanamke mwenye maumivu ya tumbo wakati wa mwezi wake. Hakuna siri hapo, wala hakuna uchawi.

Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, joto hilo haliendi mbali. Huingia katika ngozi na nyama iliyo karibu. Haliui vijidudu vilivyo ndani ya damu, wala halifiki katika mapafu au bandama. Pili, kati ya joto linalotuliza na joto linalounguza, nafasi ni ndogo. Maji ya joto la digrii 50 huunguza ngozi kwa dakika chache. Maji ya digrii 60 huunguza kwa sekunde chache tu. Ngozi ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, nayo huungua upesi zaidi.

3. JE, MKRISTO AWEZA KUTUMIA DAWA KAMA HII?

Moto ni kiumbe cha Mungu, na majani ni viumbe vya Mungu. Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Basi kuweka kitu juu ya mahali panapouma si dhambi. Lakini mganga akikudai sadaka kwa mizimu, au akikuambia ya kwamba jirani yako amekuroga, huyo hafanyi tena kazi ya dawa. Ondoka kwake.

Liko na jambo la pili ambalo Mkristo hupaswa kulitunza, nalo ni kweli. Tusiseme dawa imeponya kama hatujui.

Miaka ya 1670 alikuwako mchungaji wa Kiprotestanti, Mholanzi, jina lake Hermann Busschof. Alifanya kazi Batavia, mji ambao leo huitwa Jakarta. Aliteswa sana na jongo, yaani ugonjwa wa maungo ambao mara nyingi hushika kidole kikubwa cha mguu. Mwanamke mmoja mwenye kujua dawa za Mashariki alimchomea moksa, na mchungaji akapata nafuu. Alifurahi hata akaandika kitabu, na kwa kitabu hicho watu wengi wa Ulaya wakasikia habari za moksa mara ya kwanza.

Mchungaji huyo hakusema uongo. Alikuwa na maumivu, nayo yakaisha. Lakini sisi leo twajua ya kwamba jongo huja kwa ghafula, huuma siku kadha, kisha mara nyingi hutulia lenyewe, hata bila dawa. Basi ni nani awezaye kusema kama ni moto uliomsaidia, au kama ugonjwa ulikuwa umefika mwisho wake? Ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mchungaji, hautoshi.

4. KUPIMA DAWA KWA HAKI

Dawa hupimwaje, basi? Kwa kulinganisha watu waliotumia na watu wasiotumia.

Wachina husema ya kwamba, kama mtoto ametanguliza matako tumboni mwa mama yake, kuchoma moksa karibu na kidole kidogo cha mguu wa mama humsaidia mtoto kugeuka. Neno hilo laonekana la ajabu. Lakini waganga hawakulicheka, walilipima. Mwaka 1998 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika jimbo la Jiangxi, China. Wanawake 260 wenye mimba ya kwanza waligawanywa mafungu mawili sawasawa. Kati ya 130 waliochomewa, watoto 98 walikuwa wamegeuka kichwa chini baada ya wiki mbili. Kati ya 130 wengine, watoto 62 walikuwa wamegeuka wenyewe.

Fikiri habari ya watoto wale 62. Hawakupata moto wo wote, nao waligeuka. Kama lile fungu la pili lisingalikuwapo, tungalisema moksa imewageuza wote 98, nasi tungalikosa.

Jaribio jingine la wanawake 123, lililofanyika Italia na kutangazwa mwaka 2005, halikuonyesha faida, na lilikatizwa kwa kuwa wanawake wengi hawakuendelea na dawa hiyo. Mwaka 2023 watafiti waliunganisha majaribio mengi, wakaona ya kwamba yaelekea moksa huwasaidia watoto wengine kugeuka. Lakini hawakuona ya kwamba hesabu ya akina mama wanaopasuliwa imepungua.

Mama mjamzito afanye nini, basi? Aende kupimwa mimba yake kila mara anapoitwa, kwa maana hawezi kujua kwa hakika jinsi mtoto alivyolala mpaka mkunga ampime. Na ikiwa mtoto ametanguliza matako, mama azae hospitalini. Hilo ndilo linalookoa maisha.

5. MALARIA: DAWA ILIYOHARIBIWA NA MOTO

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa kuliko yote. Kongo ni nchi ya pili ulimwenguni, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wanaougua malaria. Wanaokufa zaidi ni watoto wadogo. Je, kuchoma ngozi kwaweza kumponya mtoto mwenye malaria? Hapana. Vijidudu vya malaria vimo ndani ya damu yake yote. Moto wa nje hauwezi kuvifikia.

Lakini sikia habari hii. Katika jamii ile ile ya pakanga kuna mmea mwingine, artemisia ya homa. Katika kitabu cha Mchina aitwaye Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, imeandikwa ya kwamba mgonjwa wa homa aulowe mmea huo katika maji, akamue, anywe. Mwaka 1967 serikali ya China ilianza kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria. Mwanamke mmoja mwenye elimu ya dawa, Tu Youyou, aliujaribu mmea huo, lakini mara nyingine ulifaa na mara nyingine haukufaa. Akasoma tena maneno ya Ge Hong, akaona ya kwamba hakutaja kuchemsha. Akawaza: labda joto laiharibu dawa. Basi akaitoa dawa kwa joto dogo, na mwaka 1971 ikaponya wanyama wote waliojaribiwa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza, waone kama haina madhara, kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Waona, ndugu? Katika mmea huu, moto haukuwa dawa. Moto uliiharibu dawa.

Kutokana na mmea huo zimetoka dawa za malaria zinazotolewa leo katika hospitali na vituo vya afya vya Kongo: vidonge vya artemeta pamoja na lumefantrini, au artesunati pamoja na amodiakwini, na sindano ya artesunati kwa mgonjwa mahututi. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, na Kongo ilikuwa mojawapo. Kati ya watoto 1,000 waliopewa kinini ya zamani, 109 walikufa. Kati ya 1,000 waliopewa artesunati, walikufa 85. Kila mtoto katika hesabu hiyo ana mama yake.

Wengine hupanda artemisia na kunywa chai yake. Shirika la Afya Ulimwenguni halikubali chai hiyo kuwa dawa ya malaria, kwa sababu kadiri ya dawa ndani yake haijulikani. Ikiwa kidogo, vijidudu havifi vyote, navyo hujifunza kuishinda dawa. Basi kipimo cha damu kikionyesha malaria, kunywa vidonge ulivyopewa, uvimalize.

6. MTOTO AKISHIKWA NA DEGEDEGE

Tuseme mtoto ana homa tangu jana. Usiku macho yanageuka, mikono na miguu inakakamaa. Bibi anasema, “Leteni moto, tumfukize.” Jirani anasema, “Tumchome kidogo, ashtuke.” Wote wawili wanampenda mtoto. Lakini wakimfukiza, huenda akaanguka katika moto, au akavuta moshi wakati pumzi yake imekwisha kuwa nzito. Wakimchoma, wataongeza kidonda juu ya ugonjwa. Na jambo baya zaidi ni hili: saa mbili au tatu zitapita, na kwa malaria ya kichwa saa hizo ni uhai wa mtoto.

Fanya hivi. Mlaze kwa ubavu. Usitie kitu kinywani mwake, wala kijiko, wala dawa. Mwondoe mbali na moto. Mpeleke hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, hata kama degedege imekwisha. Mwambie bibi kwa heshima, “Mama, tutamwombea njiani.” Mungu husikia maombi ya mtu anayetembea.

Dalili nyingine zinazotaka haraka ni hizi: mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, analala wala haamki vizuri, anapumua upesi sana, viganja vyake vimekuwa vyeupe.

7. WATU WASIOFAA KUWEKEWA JOTO KALI

Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu huweza kupoteza usikivu wa miguu. Akiweka miguu karibu na mbabula, au ndani ya maji ya moto, huungua asijue. Kesho yake aona lengelenge, na baada ya wiki kidonda kimeoza. Wengine hukatwa mguu kwa sababu hiyo. Mwenye ukoma naye, au aliyepooza upande mmoja, yuko katika hatari ile ile. Kwa watu hao maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine, mwenye ngozi inayosikia.

Usimwekee joto kali mtoto mchanga, wala mtu aliyezimia, wala tumbo la mjamzito, wala mahali palipovimba kwa usaha. Mwenye pumu akae mbali na moshi wo wote, wa moksa au wa majani mengine. Na maumivu ya tumbo yasiyoisha, yenye homa au kutapika, yasifunikwe kwa kitambaa cha moto nyumbani. Yafaa yapimwe na mganga wa hospitali.

Tena, usilale na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Makaa yanayowaka hutoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo hushika damu mahali pa hewa njema, na watu hufa wamelala. Kila mwaka wakati wa baridi kumbuka neno hili: ota moto, kisha toa mbabula nje, ndipo ulale.

8. MTU AKIUNGUA

Mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Vua pete na nguo zisizoganda. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, majivu wala mkojo. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Mtoto aliyeungua, au mtu aliyeungua uso, mikono au sehemu za siri, au mahali pakubwa kuliko kiganja chake, aletwe hospitalini. Uliza pia habari ya chanjo ya pepopunda, kwa maana ugonjwa huo huweza kuingia kwa kidonda cha moto.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kabla ya kuweka joto juu ya mwili wako au wa mwenzako, jiulize maswali matatu.

La kwanza: Ugonjwa uko wapi? Ukiwa katika nyama iliyokaza, joto la kadiri laweza kutuliza. Ukiwa katika damu, mapafu au tumbo, tafuta dawa yake.

La pili: Je, ngozi hii yasikia? Kama haisikii, usiweke joto.

La tatu: Je, wakati unapita? Ikiwa mgonjwa ana homa kali, degedege au pumzi ya haraka, acha moto, mchukue mgonjwa, uende.

Wafundishe watu wa nyumbani mwako maswali haya jioni ya leo, na hasa wale wanaobaki na watoto wewe ukiwa kazini.